Kosa ni Mwalimu

Wako watu wazima, wenye heshima zao, ambao wakimwona kijana ameketi mbele ya kompyuta akirusha roketi za bandia hutikisa vichwa na kusikitika. Husema kwamba kijana huyo anapoteza wakati wake, karo ya mzazi wake na umeme wa shule. Mimi ni mwalimu. Nilifunzwa kazi hii katika chuo cha walimu, na kwa miaka kadhaa nimekula mshahara wake; kwa hiyo maneno hayo nimeyasikia mara nyingi, na zamani nilipata kuyasema mimi mwenyewe. Leo nataka kuyapinga. Nasema kwamba kijana aangushaye roketi yake mara kumi na nne, kisha akairusha mara ya kumi na tano, anajifunza jambo ambalo madarasa yetu mengi yamesahau kulifundisha: kwamba kosa si dhambi ya kuadhibiwa, bali ni mwalimu wa kusikilizwa.

Usiniamini, msomaji, kwa sababu mimi ni mwalimu. Sikiliza kwanza habari yenyewe, kisha uhukumu.

Tazama dishi la televisheni juu ya paa la nyumba yoyote. Fundi amelielekeza upande mmoja wa mbingu, akalikaza kwa skrubu, akashuka. Dishi hilo haligeuki usiku wala mchana. Jua hupita, mwezi hupita, nyota hupita, lakini setilaiti inayotazamwa na dishi hilo haipiti. Je, imetundikwa na nini? Haikutundikwa na kitu, wala haikusimama. Inakwenda mbio, kilomita tatu na zaidi kidogo kila sekunde, kuelekea mashariki, juu kabisa ya mstari wa Ikweta, katika kimo cha kilomita 35,786. Katika kimo hicho huizunguka dunia mara moja katika muda ule ule ambao dunia hujizungusha mara moja. Ni kama watoto wawili wanaouzunguka mlingoti wa bendera ya shule, mmoja karibu na mwingine mbali, huku wakitazamana daima. Aliye mbali hana budi kukimbia zaidi, lakini kila mmoja humwona mwenziwe kama kwamba amesimama. Mwingereza Arthur C. Clarke alieleza faida ya njia hiyo katika jarida moja mwaka 1945, kabla hakijakuwako chombo chochote cha binadamu kilichoizunguka dunia. Nasi Wakenya tuna sababu ya kuijua kuliko watu wengi, maana Ikweta hupita Maseno na Nanyuki, na njia hiyo iko juu ya utosi wetu.

Haya yote niliyajua. Niliyasoma chuoni, nikayaandika katika mtihani, nikapewa alama. Baadaye niliyaandika ubaoni, wanafunzi wakayanakili, nao wakapewa alama. Hapana aliyeuliza kama tuliyaelewa.

Siku moja wanafunzi wa chama cha sayansi waliniomba niwasimamie katika mchezo wa kompyuta uitwao Kerbal Space Program, uliotungwa Mexico na kutolewa kwa watu mara ya kwanza mwaka 2011. Ndani yake mna sayari ya kubuni iitwayo Kerbin, yenye watu wadogo wa rangi ya kijani. Nusu kipenyo chake ni kilomita 600 tu, siku yake ni saa sita, na njia ya setilaiti inayoonekana imesimama iko katika kimo cha kilomita 2,863. Sayari ni ya mchezo, lakini sheria zinazotawala mwendo wa vyombo vyake si za mchezo: ni zile zile za Kepler na Newton. Wanafunzi wakaniuliza, "Mwalimu, utaweza kuifikisha setilaiti mpaka pale isimame juu ya kituo chetu?" Nikajibu kwa kiburi kwamba jambo hilo ni rahisi.

Safari ya kwanza nilielekeza roketi juu moja kwa moja, kwa kuwa mbingu iko juu. Ilipanda vizuri, ikavuka kilomita 70 ambapo hewa ya sayari ile huisha, ikapita kilomita 100. Kisha mafuta yakaisha, nayo ikarudi chini kama embe lililopopolewa. Wanafunzi wakacheka. Walikuwa na haki ya kucheka, maana mwalimu wao hakujua alichokuwa akikifundisha. Kupanda si kuzunguka. Chombo hakikai angani kwa sababu kimefika juu. Hukaa kwa sababu kinakwenda kando kwa kasi kubwa, hata kila kinapoanguka, ardhi nayo kwa uviringo wake huinama chini yake, kisiifikie. Katika kimo cha kilomita 80 cha sayari ile, kasi hiyo ni mita 2,280 hivi kwa sekunde. Maneno hayo nilikuwa nimeyaandika ubaoni mwaka baada ya mwaka. Siku ile ndiyo niliyaelewa.

Safari ya pili na ya tatu niliinamisha roketi upande wa mashariki kwa ghafla mno, ikapinduka katika hewa nzito. Nikajifunza kuiinamisha kidogo kidogo, kama mtu anayemimina maziwa kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Na kwa nini mashariki? Kwa sababu sayari yenyewe hujizungusha kwenda mashariki, nayo huipa roketi msukumo wa bure. Hapa kwetu duniani, kwenye Ikweta, ardhi hukimbia mita 465 hivi kila sekunde. Waitalia walilijua hilo walipokuja Ngomeni, karibu na Malindi, wakaweka jukwaa la San Marco baharini na kurusha roketi kutoka pale kati ya mwaka 1967 na 1988. Setilaiti moja iliyorushwa hapo tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, ilipewa jina la Uhuru.

Safari ya sita nilifaulu kuingia katika mzingo wa chini, yaani njia ya kuizunguka sayari karibu na hewa yake. Sasa nilitaka kupanda mpaka kilomita 2,863. Nikaelekeza pua ya chombo juu, nikawasha injini. Njia haikukua kama nilivyotaka. Ilisogea tu, upande mmoja ukapanda na upande mwingine ukashuka mpaka ukaingia hewani, na chombo kikaungua. Nikarudia, nikaungua tena. Ndipo mvulana mmoja akashauri tusukume kule tunakokwenda, si kule tunakotaka kufika. Tukafanya hivyo, na tazama: upande wa pili wa sayari njia ikaanza kupanda. Angani mtu husukuma huku, matokeo yakaonekana kule. Mjerumani Walter Hohmann alilieleza jambo hili katika kitabu mwaka 1925: ongeza mwendo chini ili ncha ya juu ya njia ifike unakotaka, ngoja mpaka ufike kwenye ncha hiyo, kisha ongeza mwendo mara ya pili ili njia iwe duara. Katika mchezo wetu msukumo wa kwanza ni mita 670 hivi kwa sekunde, kungoja ni saa moja na dakika 23, na msukumo wa pili ni mita 430. Mimi katika safari ya tisa nilisahau ule wa pili. Chombo kikafika kwenye kilele chake kwa fahari, kikageuka, kikaporomoka kurudi kilikotoka.

Safari ya kumi na moja tulikuwa na duara zuri, lakini setilaiti ilikuwa nyuma ya mahali tulipotaka isimame. Nikaongeza mwendo ili iwahi. Ikazidi kuchelewa! Nikaongeza tena, ikachelewa tena. Sababu yake ni hii: ukiongeza mwendo unapanda, na ukipanda njia yako huwa ndefu na mwendo wako wa kawaida huwa mdogo. Anayetaka kumpata aliye mbele yake angani sharti kwanza apunguze mwendo, ashuke, apite njia fupi, kisha apande tena. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Hapa duniani hayo ni mawaidha. Kule juu ni sheria ya fizikia.

Sasa nifike kwenye safari ya kumi na nne, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Tuliisimamisha setilaiti juu ya kituo, tukaupima muda wa mzunguko wake, tukaurekebisha mpaka ukawa saa sita kamili. Nikatangaza ushindi. Tukaharakisha saa ya kompyuta ili siku kumi zipite. Zilipopita, setilaiti ilikuwa imeteleza kwenda magharibi zaidi ya digrii nane. Nililaumu kompyuta kwa uzee wake. Nilikuwa karibu kuwaambia wanafunzi waende zao, ndipo msichana mmoja aliyekuwa ameketi nyuma kabisa, ambaye darasani nilimjua kwa ukimya wake tu, akasema polepole, "Mwalimu, labda saa sita ni siku ya jua. Setilaiti haitaki siku ya jua. Inataka siku ya nyota."

Alisema kweli. Sayari inapojizungusha, wakati huo huo inasogea katika njia yake ya kulizunguka jua. Ili jua lirudi mahali pake mbinguni, sayari sharti ijizungushe mara moja na ziada kidogo. Basi mzunguko mmoja halisi ni mfupi kuliko siku ya jua. Kwa Kerbin ni saa tano, dakika 59 na sekunde 9. Kwa dunia yetu ni saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Setilaiti iliyowekwa kwa saa 24 kamili huachwa nyuma karibu digrii moja kila siku, na baada ya juma chache dishi lililokazwa kwa skrubu litakuwa likitazama utupu. Tukaurekebisha muda, tukarusha mara ya kumi na tano, na setilaiti ikasimama. Siku mia za kompyuta zilipita, nayo ilikuwa pale pale.

Nilimwuliza msichana yule amelijua wapi jambo hilo. Akainama. Akanijibu kwamba alilisoma katika kitabu cha maktaba, akaliandika katika mtihani wangu wa muhula uliopita: saa 23 na dakika 56. Nami, kwa sababu daftari langu la chuo lilisema saa 24, nilikuwa nimelikata jibu lake kwa kalamu nyekundu, na mbele ya darasa nikauliza ni nani aliyeziiba dakika nne za siku. Darasa lilicheka. Tangu siku ile hakuinua mkono tena.

Msomaji, pima jambo hilo. Mimi niliangusha roketi kumi na nne na hapana aliyeniadhibu. Nilicheka pamoja na wanafunzi, nikarusha nyingine. Yeye alisema kweli mara moja, ikahesabiwa kuwa kosa, akanyamaza kwa miezi. Ni ipi kati ya mbili hizi iliyokuwa shule? Ni ule mchezo ulioniruhusu kukosea mpaka nikajua, au ni lile darasa langu lililomfunga kinywa aliyejua? Nimejibu swali hilo moyoni mwangu kwa aibu, nami sioni kwa nini walimu wenzangu wasiulizwe vile vile. Tumewafundisha watoto kuogopa kalamu nyekundu kuliko kuogopa ujinga. Mtoto anayeogopa kukosa hatauliza, asiyeuliza hatajua, asiyejua atakariri, na aliyekariri atakuwa kama mimi nilivyokuwa, mtu mwenye cheti mkononi na roketi inayorudi chini kama embe.

Wala usidhani kwamba wale waliozirusha setilaiti za kweli walikuwa na njia nyingine isiyokuwa hii. Wamarekani walipotaka kutimiza fikira ya Clarke, walirusha Syncom 1 mwezi wa Februari 1963. Ilipokaribia kufika ikanyamaza, wala haikusikika tena. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwezi wa Julai mwaka huo huo wakarusha Syncom 2. Hiyo ilifanya kazi, na mwezi wa Agosti Rais Kennedy akazungumza kwa njia yake na Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa, kupitia meli iliyokuwa bandarini Lagos. Lakini njia yake ilikuwa imeinama, haikuwa juu ya Ikweta, hivyo ilipanda kaskazini na kushuka kusini kila siku badala ya kutulia. Ndipo Agosti 1964 ikaja Syncom 3, ya kwanza kusimama hasa, nayo ikavusha picha za Michezo ya Olimpiki kutoka Tokyo. Ya kwanza ilipotea, ya pili ilipepesuka, ya tatu ikasimama. Kama mafundi wale wangaliadhibiwa kwa ile ya kwanza kama tuwaadhibuvyo watoto wetu, ile ya tatu ingalirushwa na nani?

Nayajua majibu ya wanaonipinga. Wa kwanza husema, "Mtoto wa Kenya ana haja gani na mizingo? Afundishwe mambo ya nyumbani." Namwambia hayo ndiyo mambo ya nyumbani. Kituo cha Longonot katika Bonde la Ufa kilianza kupokea sauti kutoka setilaiti ya namna hiyo mwaka 1970. Picha za mawingu zinazotumiwa kutabiri mvua za mkulima wetu hutoka katika njia ile ile. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na setilaiti yake ndogo angani, na mwaka 2023 nchi ikapata Taifa-1. Hizo mbili zilikwenda katika mizingo ya chini. Ni nani atakayeipeleka ya kwetu juu zaidi, kama si mtoto anayeambiwa leo kwamba mambo hayo hayamhusu?

Wa pili husema kwamba kompyuta ni ghali na shule nyingi hazina. Hilo ni kweli, na ni msiba. Lakini dawa ya kukosa kompyuta si kuzifungia zilizopo. Muhula uliofuata ule niliousimulia, chumba cha kompyuta katika shule ile kilitiwa kufuli saa za jioni kwa sababu mtihani wa taifa umekaribia. Wanafunzi wakarudishwa darasani kunakili sheria za mwendo wa duara, zile zile walizokuwa wakizitumia kwa mikono yao juma lililopita. Huko ni kumtoa mtoto mtoni ili afundishwe kuogelea ubaoni.

Wa tatu husema kwamba mchezo ni mchezo, na kijana akipewa nafasi atacheza tu. Huyu ana haki kidogo, na hapa ninageuka kwako wewe, mwanafunzi unayesoma, maana nimewapiga walimu na sasa sharti nikuguse na wewe. Si kila kosa linalofundisha. Roketi iliyoanguka bila ya kuulizwa kwa nini imeanguka ni kelele na moshi tu. Wako vijana wanaorusha mara mia na kuripuka mara mia, wakicheka kila mara, na mara ya mia hawajui zaidi ya walivyojua mara ya kwanza. Wako wengine wanaowaomba wenzao tarakimu tayari, wakazinakili, wakafika kilomita 2,863 siku ya kwanza. Na wengine humwachia rubani wa kompyuta afanye yote. Hao wamefika, lakini hawakusafiri. Hawana tofauti na mimi wa zamani niliyenakili saa 24.

Basi fanya hivi. Chukua daftari. Kabla hujawasha injini, andika unalotarajia litokee. Likitokea lingine, andika lililotokea, kisha usirushe tena mpaka umeandika sababu unayoidhani. Huenda sababu hiyo nayo ni kosa. Roketi ijayo itakuambia, wala haitakucheka. Huna kompyuta? Rusha jiwe, pima kivuli cha mlingoti, hesabu mapigo ya kamba yenye uzito, kwa daftari lile lile na kwa adabu ile ile. Na ukijua jambo ambalo mwalimu wako halijui, inua mkono. Useme kwa heshima, lakini useme. Akilikata kwa kalamu nyekundu, mwonyeshe kitabu. Mwalimu wa kweli atakushukuru. Na asiyeshukuru leo, huenda akashukuru kesho, kama mimi.

Wahenga wetu hawakuwa na roketi, lakini walisema kwamba kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Msichana yule sasa huinua mkono. Mara nyingine hukosea, nami huandika jibu lake ubaoni kwa chaki nyeupe kama ya majibu yote, tukaliuliza pamoja limetoka wapi. Kalamu nyekundu ningali ninayo mezani. Siku ya kwanza ya muhula huu niliitumia kusahihisha daftari moja tu, la zamani, la chuo cha walimu: nilikata saa 24, na pembeni nikaandika zile dakika nne alizokuwa ameziona yeye.